Kurudi kwenye baiskeli ukubwani, hapa Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilirudi kwenye baiskeli nikiwa na miaka 46, baada ya kuiacha miaka 24. Tangu siku hiyo watu wananisimamisha: jirani getini, wazee wa jumuiya baada ya ibada, wenzangu wa kazini, hata konda mmoja wa daladala za hospitali ya KCMC. Maswali yao ni yaleyale, basi nimeyakusanya hapa. Mimi si daktari wala fundi. Nimeanguka mara mbili, nikanyanyuka, nikaenda kuuliza wanaojua.

## Kabla hujapanda

Ni kweli baiskeli haisahauliki?

Nusu yake ni kweli. Kujisawazisha juu ya magurudumu mawili kunarudi upesi mno. Tafuta uwanja wa shule siku ya Jumapili jioni, zunguka dakika kumi, utashangaa mwenyewe. Mara ya kwanza usukani utacheza kama wa mlevi, ya pili utanyooka, ya tatu utaanza kuangalia watu badala ya gurudumu.

Visivyorudi vyenyewe ni pumzi, magoti, makalio, na macho ya barabarani. Barabara uliyoiacha enzi zile haikuwa na bodaboda zinazokupita kushoto na kulia kwa mpigo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: mikono inakumbuka baiskeli ya zamani, na kumbukumbu hiyo inaweza kukuangusha kwenye baiskeli mpya. Hilo nimelieleza kwenye swali la breki; hata ukiruka mengine yote, lisome hilo.

Nina miaka 58. Sijachelewa?

Hujachelewa. Baiskeli inabeba uzito wako, kwa hiyo magoti hayapigwi kama kwenye kukimbia. Kinachohitaji kuangaliwa ni afya yako ya sasa kuliko tarehe ya kuzaliwa (tazama swali la presha na kisukari).

Mimi sikujifunza kabisa utotoni. Nianzie wapi?

Mwambie fundi azitoe pedeli zote mbili na aishushe siti mpaka nyayo zako zikae chini bapa. Ukitaka kuzitoa mwenyewe, kumbuka pedeli ya kushoto inafunguliwa kinyume na nati za kawaida. Wengi wameharibu meno ya mkono wa pedeli kwa kuikazia wakidhani wanailegeza.

Sasa jisukume kwa miguu kwenye mteremko mdogo wa nyasi. Sukuma, nyanyua miguu, teleza, kanyaga. Ukiweza kuteleza mita ishirini bila kugusa chini, rudisha pedeli. Usikubali mtu akushike siti kwa nyuma huku anakimbia. Njia hiyo wengi tumefundishwa nayo, lakini mtu mzima wa kilo 85 akianza kulala upande, hakuna anayemshika.

Nianze na kilomita ngapi?

Achana na kilomita, hesabu dakika. Wiki mbili za kwanza, dakika ishirini mara tatu kwa wiki zinatosha, na upumzike siku moja katikati. Kisha ongeza kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Ukifika hapo kwa miezi miwili au mitatu umefanya vizuri sana.

Kipimo cha wastani ni mdomo wako. Kama unaweza kuongea sentensi nzima, uko sawa. Kama unaweza kuimba, ongeza. Kama unajibu salamu kwa kunyanyua kidole tu, punguza.

Na hapa Moshi kuna hesabu ya ziada: mji wote umeegemea mlima. Kila safari ina upande wa kupanda na upande wa kushuka. Ukianza kwa kushuka utajidanganya kuwa una nguvu, na deni utalilipa wakati wa kurudi, juani, na miguu imeshachoka. Pima safari kwa kurudi kwake.

## Baiskeli yenyewe

Ninunue mpya au mtumba?

Kwa maoni yangu, mtumba mzuri unaishinda mpya ya bei rahisi. Nyingi ya zile mpya zinazong'aa madukani, zenye springi mbele na katikati, ni nzito, na springi zake baada ya miezi michache zinalia kama mlango wa zizi. Mtumba wa Japani au Ulaya umeshatumika, lakini fremu yake na beringi zake mara nyingi ni za maana. Mimi yangu nililipa Sh 180,000, nikaongeza tairi mbili, cheni na waya za breki. Hiyo nyongeza iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Karibu kila mtumba unaidai.

Foniks ya marehemu baba iko stoo. Niifufue?

Ifufue, ila ujue unaifufua kwa kazi gani. Kwa tambarare za Pasua kuelekea TPC, kule kwenye kiwanda cha sukari, au kwenda sokoni na kurudi, hakuna baiskeli tulivu kama hiyo. Kwa kupanda Kibosho na gia yake moja, labda uwe na miguu ya aliyekuachia.

Tairi na tyubu zikishakaa miaka zinapasuka pembeni hata kama hazijalika, kwa hiyo badilisha. Raba za breki zinakuwa ngumu kama mfupa, badilisha pia. Fundi afungue vikombe vya magurudumu na vya pedeli, aoshe golori, aweke grisi mpya. Zile breki zake za vyuma zinafinya rimu kutoka ndani, na mvua ikinyesha zinashika kwa kuchelewa sana. Jizoeze kuanza kuzishika mapema.

Nikienda kukagua mtumba, niangalie nini?

Rangi iache mwisho. Anza na fremu: pitisha kidole chini ya maungio, hasa nyuma ya usukani na pale chuma cha siti kinapoingia. Ufa mdogo unaonekana kama mstari wa kutu au rangi iliyokunjamana. Ukiuona, mshukuru muuzaji uondoke.

Nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe, tazama kwenye raba za breki kama rimu inayumba. Kuyumba kidogo fundi ananyoosha kwa kukaza spoki. Kisha shika gurudumu ulitikise kushoto na kulia. Likigonga, beringi zimelegea au zimekwisha. Fanya hivyohivyo kwa mikono ya pedeli.

Cheni ipime kwa rula. Kati ya pini na pini ni nusu inchi, kwa hiyo pini ya kwanza mpaka ya ishirini na tano inapaswa kuwa inchi 12 kamili. Ikifika 12 na moja ya nane, imekwisha, na huenda imeshakula meno ya gia pia. Muuzaji atakushangaa na rula yako. Mwache ashangae.

Mwisho angalia fremu kama inakufaa. Ukiivuka ukasimama na nyayo zote chini, bomba la juu lisikuguse. Baiskeli kubwa iliyouzwa kwa bei ndogo ni hasara utakayoikalia kila siku.

Breki ipi ni ya mbele, kulia au kushoto?

Inategemea baiskeli ilikotoka, na ndiyo maana nimesema swali hili lisirukwe.

Foniks na baiskeli za Kiingereza tulizokulia, na hata za Japani, kwa kawaida mkono wa kulia unashika gurudumu la mbele na wa kushoto la nyuma. Baiskeli nyingi za Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingine za bara la Ulaya, pamoja na za Marekani, ni kinyume: kushoto ndiyo mbele. Zote hizo zinamwagwa pamoja kwenye mtumba, na hakuna anayekubandikia karatasi.

Yangu ilitoka Ujerumani. Wiki ya pili nilikuwa nashuka kutoka upande wa KCMC kuelekea Shanty Town, asubuhi, lami kavu, sina haraka. Mbuzi akatoka kwenye michongoma. Mkono wangu wa kushoto ukafanya ulichofundishwa mwaka 1988: ukafinya kwa nguvu breki ya nyuma. Tatizo ni kwamba haikuwa ya nyuma. Gurudumu la mbele likasimama, siti ikanisukuma, nikauona mlima kichwa chini. Nilitua kwa goti na kiganja. Mbuzi alibaki palepale akinitazama, na mama aliyekuwa anafagia uwanja wake akasema, "Pole baba, lakini kwa umri huu?"

Basi kabla hujalipa, nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe, finya mkono mmoja mmoja uone upi unalisimamisha. Kama ni kinyume na ulivyozoea, fundi anaweza kubadilishana waya kwa muda mfupi. Mlipe. Usijiambie utazoea. Siku ya kawaida utazoea kweli, lakini mbuzi akitokea, mkono hauulizi.

Baadhi ya za Uholanzi hazina breki ya mkono kwa nyuma kabisa. Unarudisha pedeli nyuma na gurudumu linasimama. Hizo ni nzuri kwa tambarare, ila kwenye mteremko mrefu zinapata moto.

Tairi zimeandikwa 26 zote. Mbona moja haiingii?

Kwa sababu 26 ziko za aina zaidi ya moja. Ile ya baiskeli ya milima, 26 x 1.95, na ile ya baiskeli nyembamba ya Japani yenye kikapu, 26 x 1⅜, ni rimu mbili tofauti kabisa. Tafuta namba ndogo ubavuni mwa tairi: ya kwanza itaishia na 559, ya pili na 590. Foniks ya 28 x 1½ ni 635. Namba hiyo ya tarakimu tatu ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita, na ndiyo ya kumtajia muuzaji. Iandike kwenye simu yako.

Siti iwe juu kiasi gani?

Juu kuliko unavyopenda. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kawaida, kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wengi wetu tunarudi na siti ya chini ili tuguse ardhi, na hiyo ni sawa kwa wiki ya kwanza. Baada ya hapo ipandishe sentimita moja kila siku chache mpaka ufike. Ukisimama, unateremka mbele ya siti na kukanyaga chini, huku umeivuka baiskeli.

Gia nyingi namna hii zinatumikaje?

Badilisha ukiwa unapiga pedeli kwa wepesi, na ubadilishe kabla ya mlima. Ukishakwama katikati ya mpando na kulazimisha, cheni inalia, inaruka, au inakatika. Meno madogo mbele na makubwa nyuma ni nyepesi. Kinyume chake ni nzito. Epuka kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, maana hapo cheni inakaa mshazari na inalika haraka. Miguu izunguke haraka na kwa wepesi. Kukanyaga gia nzito polepole kunaonekana kiume, lakini bili inatumwa kwa magoti.

## Mwili

Makalio yanauma siku ya pili. Ni kawaida?

Ni kawaida, na huisha baada ya wiki mbili au tatu ukipanda mara kwa mara. Mifupa ya kukalia inahitaji kuzoea. Usikimbilie siti pana yenye sponji nene: mwili unazama na sehemu laini ndizo zinabeba uzito. Siti ngumu kiasi, yenye upana wa mifupa yako, ni bora. Suruali yenye mshono mnene katikati iepuke.

Ganzi ni jambo jingine. Wanaume wananiuliza kwa sauti ya chini, basi nitajibu kwa sauti ya kawaida: ukihisi ganzi sehemu za siri, simama kwenye pedeli kila baada ya dakika chache damu ipite, na usawazishe pua ya siti isielekee juu. Ikiendelea, badilisha siti au punguza muda. Ganzi si ya kuvumilia.

Goti linaniuma. Niache?

Kwanza uliza linauma wapi. Mbele ya goti, mara nyingi siti iko chini mno au gia ni nzito. Nyuma ya goti, mara nyingi siti iko juu mno. Rekebisha, pumzika siku mbili, jaribu tena. Goti likivimba, likikwama au likiuma hata ukiwa umelala, hilo ni la hospitali.

Nina presha au kisukari. Naruhusiwa?

Wengi wanaruhusiwa na hata wanahimizwa, lakini ruhusa hiyo itoke kwa daktari anayekujua, hasa kama hujafanya mazoezi miaka mingi. Presha ishuke kwanza kwenye kiwango anachokubali yeye. Baadhi ya dawa za presha na moyo huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo saa ya kupima mapigo itakudanganya. Tumia kipimo cha kuongea nilichotaja juu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kuishusha sana sukari kama glibenclamide, abebe glukosi au soda ya kawaida mfukoni. Kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa: shuka, kunywa, subiri. Usiseme utafika nyumbani kwanza. Na kila jioni kagua nyayo zako.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, au kuona giza: simama hapohapo uombe msaada.

Kitambi kitapungua?

Polepole, na kwa sharti kwamba usimalize kila safari kwa kiti moto na ndizi. Kuna kikundi najua kinachopanda kilomita kumi kwenda kunywa supu. Wana furaha sana, na vitambi vyao vipo.

## Barabara za Moshi

Nianzie njia gani?

Wiki za kwanza baki Shanty Town, kwenye mitaa ya miti mikubwa. Lami ipo, magari ni ya wastani, na kivuli kinasaidia. Jakaranda zikimwaga maua, ukipita juu yake yakiwa mabichi na mvua imenyesha, usifunge breki ghafla. Yanateleza kama maganda ya ndizi.

Ukishapata pumzi, shuka kusini. Barabara ya kuelekea TPC haina milima ya kuua, na ukikaribia mashamba ya miwa upeo unafunguka, mlima uko mgongoni. Lakini kumbuka hesabu ya kurudi: unashuka kwenda, unapanda kurudi, na saa tano jua la huko halina huruma. Mimi natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tatu niko nyumbani nakunywa uji. Ukikutana na reli popote, ivuke kwa pembe mraba, maana ukipita mshazari gurudumu linaingia kwenye mfereji wa chuma. Na usidhani reli ni kumbukumbu tu, treni ya abiria ya kutoka Dar ilirudi Moshi mwaka 2019.

Barabara kuu ya Arusha na ya Himo iache kwa sasa. Mabasi ya Dar yakikupita, upepo wake peke yake unakuhamisha nusu mita.

Lini nitaweza kupanda Kibosho, Machame au Marangu?

Mji uko kwenye mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na lango la Machame ni karibu mita 1,800. Unapanda karibu kilomita nzima kwenda juu, bila kupumzishwa sana. Subiri miezi mitatu ya kupanda kwa kawaida, na uwe na gia nyepesi. Kisha nenda vipande: leo mpaka kanisa, wiki ijayo mpaka duka la mangi, wiki nyingine mpaka soko. Kushuka na kusukuma si aibu. Akina mama wa Kibosho wanapandisha mikungu ya ndizi kichwani njia hiyohiyo, nani atakucheka? Watoto, labda. Watapiga kelele "Meku! Meku!", yaani mzee kwa Kichagga, na kukusukuma kwa nyuma bila kuombwa.

Na kushuka huko?

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Kaa nyuma kidogo kwenye siti, pedeli ziwe sawa mbele na nyuma, vidole viwili viwe kwenye breki zote mbili. Finya, achia, finya, achia. Ukishikilia mfululizo, rimu zinapata moto na raba zinapoteza nguvu. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na ujue kona ya migombani daima ina mtu, ng'ombe au bodaboda iliyobeba mbao.

Bodaboda, daladala na vipilefti navikabilije?

Tunapita kushoto, lakini usijibanze kwenye mtaro. Ukikaa ukingoni kabisa, kila gari litajaribu kupita hata kama nafasi haipo, na wewe huna pa kukwepea. Acha kama nusu mita hadi mita moja kutoka ukingoni. Daladala ikisimama mbele yako, tarajia mambo mawili: mlango wa kushoto kufunguka, na gari kuondoka bila taa ya ishara. Usipite katikati yake na kituo.

Kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa, asubuhi ya siku za kazi, mimi nashuka na kuvuka kwa miguu. Sioni haya. Bodaboda wengi wana adabu ukiwatazama machoni na kuwaonyesha mkono mapema unakoelekea. Asiyekuona ndiye hatari, kwa hiyo vaa rangi inayoonekana.

Masika na vumbi je?

Masika, Machi mpaka Mei, njia za udongo upande wa juu zinakuwa sabuni, na tope linajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Baki kwenye lami. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu oili na vumbi vinaelea juu ya lami. Dimbwi lisilojulikana kina lizunguke. Juni hadi Agosti ni miezi yangu: baridi, mawingu, pumzi tele.

Usiku?

Mwaka mzima giza linaingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na linaingia kwa ghafla. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Ya nyuma ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: ya mbele unaiona wewe, ya nyuma inaonwa na wa lori.

Helmeti ni lazima?

Kwangu ni lazima. Iwe imekaa vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubane kidevuni. Ya mtumba yenye ufa usiinunue. Na ikishapiga chini kwa nguvu mara moja, ibadilishe hata kama nje inaonekana nzima, maana sponji ngumu ya ndani ikishabonyea imemaliza kazi.

## Fundi na matunzo

Nijue kutengeneza nini mwenyewe?

Matatu yanatosha: kujaza upepo, kuziba pancha, kurudisha cheni iliyochomoka. Mengine mpe fundi, na kaa naye umtazame. Fundi wangu ana karai la maji meusi, anazamisha tyubu, anafuata povu kwa kidole gumba, halafu anachomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu ili asilipoteze. Kabla ya kurudisha anapitisha vidole ndani ya tairi lote, polepole. Siku moja alitoa mwiba wa mgunga wenye urefu wa nusu ukucha, akaniwekea kiganjani. "Huu ndio uliokurudisha kwangu mara tatu," akasema. Mimi nilikuwa naziba tyubu na kuuacha mwiba ndani.

Kwa valvu za Foniks na nyingi za Japani, upepo ukiisha usiku bila pancha, shuku kile kimpira chembamba cha ndani ya valvu. Ni kitu cha bei ndogo sana. Weka viwili kwenye pochi.

Cheni niipake nini?

Oili ya cherehani ni bora kuliko oili chafu ya gari. Oili chafu inakamata vumbi na kutengeneza msasa. Safisha kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, kausha, weka tone kila pini, subiri, kisha futa ya nje yote. Cheni ikikuachia weusi mwingi mkononi, uliacha nyingi.

## Watu na mazingira

Watasema nimefilisika, nimeuza gari.

Watasema. Mimi niliambiwa hivyo mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu aliyesema akaniuliza nilinunua wapi.

Mimi ni mama. Nguo, na maneno ya watu?

Baiskeli yenye fremu ya chini, isiyo na bomba la juu, inapandika hata na gauni. Kitenge kikiwa kirefu kinaingia kwenye cheni au spoki, kwa hiyo vaa suruali au leginzi chini na ukikaze kwa pini, au tafuta baiskeli yenye kifuniko cha cheni. Za Japani nyingi zinacho, pamoja na kikapu na kufuli la gurudumu la nyuma. Kuhusu maneno, dada mmoja wa Majengo anayepeleka mayai kwa baiskeli aliniambia: wiki mbili walisema, wiki ya tatu wakaanza kuagiza mayai.

Nikifika kazini nimelowa jasho.

Toka mapema, punguza mwendo kilomita ya mwisho, beba shati la kubadilisha, na mzigo uweke kwenye keria badala ya mgongoni. Kama ofisi iko juu na nyumba iko chini, pole. Wenye bahati ni wanaoshuka asubuhi.

## Yasiyotokea kila siku

Navaa miwani yenye sehemu mbili. Naona mashimo kwa shida.

Ndiyo, kwa sababu barabara iliyo karibu unaiangalia kupitia kipande cha kusomea kilichoko chini. Inamisha kichwa kidogo, tazama mita kumi hadi kumi na tano mbele, au upate miwani ya mbali tupu kwa ajili ya baiskeli.

Naweza kumbeba mjukuu?

Usifanye hivyo mpaka wewe mwenyewe uwe na miezi kadhaa bila kuyumba. Na si kwenye bomba la juu: mguu wake ukiingia kwenye spoki, ni ajali mbaya. Kiti cha mtoto chenye mkanda na kinga ya miguu, kwenye tambarare.

Naota kwenda Arusha kwa baiskeli.

Ni kama kilomita 80, na Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo kwenda ni kupanda. Ukitaka kufanya siku moja, panda basi na baiskeli mpaka Arusha (patana na konda kabla haijapandishwa, na toa gurudumu la mbele mwenyewe), kisha rudi kwa kushuka. Hata hivyo kuna mabonde ya mito, na lile la Kikafu kati ya Boma Ng'ombe na Moshi litakudai ulichobakisha. Barabara ni nyembamba kwa malori yake. Nenda na wenzako, alfajiri ya Jumapili, na baada ya kusoma upya nilichosema juu ya barabara kuu kwenye swali la njia ya kuanzia.

Nimeanguka. Nipande tena lini?

Kama kichwa kiligonga, ukatapika, ukasahau au kichwa kikaendelea kuuma, hospitali kwanza, na baiskeli ingoje daktari aseme. Kama ni ngozi tu, osha kwa maji safi na sabuni, toa mchanga wote, na uulizie chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho. Kisha kagua baiskeli: usukani umenyooka na gurudumu la mbele? Breki zinarudi? Fremu haina mkunjo mpya?

Mimi baada ya yule mbuzi nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nilimpelekea fundi abadilishe waya za breki, nikazunguka uwanja wa shule mara sita nikifinya kushoto, nikiangalia gurudumu la nyuma.